Ufunguo wa Hewani: Idhini, Stara na Haki ya Jirani katika Mtandao wa Nyumbani

Swali linaloletwa na mtandao pasiwaya wa nyumbani, yaani ule ambao watu wengi huuita waifai, lina umri mkubwa kuliko redio yenyewe: nani ana haki ya kujua yanayopita ndani ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba anawajibika kwa kiasi gani kuyasitiri? Zamani sehemu kubwa ya swali hilo ilijibiwa na fundi mwashi. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni aliyepiga hodi alipokewa kwanza kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na hata mlango ulipofunguliwa jicho lake halikufika mbali, kwa kuwa njia ya kuingilia ilipinda katika tekani kabla ya kutokea kiwandani, ule ua wa katikati ulio wazi kwa juu. Nazo kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene kiasi kwamba mazungumzo ya ndani yalibaki ndani. Mawimbi ya redio yanayotolewa na ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, hayafuati ramani ya fundi yeyote: hupita katika matofali, mbao na vioo, yakafika sebuleni kwa jirani na barabarani kwa mpita njia. Kazi iliyofanywa na ukuta sasa inafanywa na hesabu, na hesabu hiyo ndiyo usimbaji fiche, yaani kuyageuza maneno, sauti na picha kuwa mfululizo wa alama usioeleweka ila kwa mwenye ufunguo, ambao ni namba ndefu ya siri inayofahamika na vifaa vya nyumba hiyo tu.

Mazungumzo ya kawaida kuhusu ufunguo huo huishia kwenye bando. Mwenye nyumba huhimizwa aweke nywila ili watu wa mtaani wasije wakaitumia intaneti aliyoilipia, na anayekataa kuigawa nywila hiyo huonekana bahili. Mtazamo huo si wa uongo, lakini umeshika sehemu ndogo kuliko zote za jambo lenyewe. Ufunguo wa mtandao wa nyumbani kwanza ni suala la idhini: unamwezesha mtu kuruhusu na kukataa, na pasipo uwezo huo hata ukarimu wake hauna umbo, kwa kuwa kitu kinachochukuliwa bila mwenyewe kujua hakijatolewa na yeyote.

Mapokeo ya dini yamelizungumza jambo la kuingia na kuchungulia kwa ukali ambao msomaji wa leo anaweza kuushangaa. Qurani, katika sura ya An-Nur aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na katika sura ya Al-Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana. Hadithi za Mtume Muhammad (S.A.W.) zinafafanua kwamba sharti la kuomba ruhusa liliwekwa kwa ajili ya jicho, na hivyo anayechungulia tunduni ameshavunja sharti hilo kabla mguu wake haujavuka kizingiti. Sheria ya Kiyahudi nayo iliuhesabu utazamaji kuwa dhara kama madhara mengine, ikawakataza majirani wanaotumia ua mmoja kufungua mlango ukabiliane na mlango au dirisha likabiliane na dirisha. Na Rabi Gershom wa Mainz, aliyeishi miaka ipatayo 1,000 iliyopita, ananasibishwa na marufuku ya kusoma barua ya mtu mwingine bila idhini yake. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, mwenye kusali anaelekezwa aingie chumbani mwake na kufunga mlango, na hakuna anayesoma maneno hayo akadhani kwamba mlango umefungwa ili kuficha uovu. Hili la mwisho linafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba asiye na jambo la kuficha hahitaji ufunguo.

Aliyeufikia undani wa suala hili kwa uangalifu mkubwa zaidi ni Imamu Al-Ghazali, mwanachuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, anapojadili kuamrisha mema na kukataza maovu, anauliza ni wakati gani uovu huhesabiwa kuwa umedhihiri, kwa maana ya kuwa wazi kiasi cha kumpa mtu wa nje haki ya kuingilia. Jibu lake ni kwamba aliyefunga mlango wake na kujisitiri kwa kuta zake haingiliwi, isipokuwa yaliyomo yametoka nje yenyewe, kwa mfano sauti za ala za muziki zilizopaa hadi zikasikiwa na walio barabarani. Kisha anaongeza sharti ambalo ndilo lenye uzito katika mjadala huu: haifai kutega sikio ukutani ili kuzisikia ala hizo, wala kunusanusa ili kutambua harufu ya pombe. Kwa hiyo kuna mambo ya aina mbili yanayotoka nje ya nyumba: yale yanayomfikia mpita njia pasipo yeye kutaka, na yale yanayomfikia kwa sababu tu amejisogeza kuyatafuta. La kwanza limedhihiri. La pili bado limo ndani, hata kama kwa kipimo cha fizikia limeshavuka ukuta.

Tofauti hiyo ilipimwa upya katika zama hizi bila ya waliohusika kumtaja Al-Ghazali. Mwezi Mei 2010, kampuni ya Google ilikiri kwamba magari yake yaliyokuwa yakizunguka katika nchi nyingi kupiga picha za barabara yalikuwa pia yakinasa data iliyopita katika mitandao pasiwaya isiyo na ufunguo, na ndani ya data hiyo mlikuwamo vipande vya barua pepe na nywila za watu. Nchini Marekani kampuni ilijitetea kwamba mawimbi yasiyosimbwa ni mawasiliano ya redio yaliyo wazi kwa umma, kama matangazo ya kituo cha redio, na kwa hiyo kuyanasa si kosa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliikataa hoja hiyo, na katika hukumu yake ya kwanza miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba data ya namna hiyo haimfikii mtu wa kawaida kwa urahisi, kwa kuwa huhitaji vifaa na utaalamu ambao watu wengi hawana. Gari lile halikupita barabarani likasikia ngoma. Lilitega sikio ukutani. Mwanachuoni wa Tus na majaji wa Marekani walifika mahali pamoja kwa njia zisizokutana, na ipo sababu ya kuamini kwamba walifika hapo kwa kuwa ndipo ukweli ulipo.

Ikiwa ni hivyo, haki ya stara haizaliwi na ufunguo. Mtu aliyeacha mtandao wake wazi hajatoa idhini ya kusikilizwa, kama vile aliyesahau kurudishia mlango hajamkaribisha mwizi, na sheria za Afrika Mashariki zinakubaliana na hilo kwa jumla: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, na Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 16, zote zinalinda faragha ya mawasiliano ya mtu pasipo kumtaka kwanza aonyeshe kwamba alijifungia. Swali basi linabaki: ikiwa haki ipo hata bila ufunguo, wajibu wa kuuweka unatoka wapi?

Unatoka kwenye amana. Yanayopita katika mtandao wa nyumba moja ni ya mwenye nyumba kwa sehemu ndogo tu. Humo hupita ujumbe wa dada aliyemweleza ndugu yake habari za ugonjwa wake, picha za watoto wa shangazi, mazungumzo ya mpangaji na mwajiri wake, na maneno ya mtu wa mbali ambaye hajui kabisa kwamba sauti yake inasafiri hewani katika hatua ya mwisho ya safari yake. Watu hao hawakuulizwa kama nyumba hiyo ina ufunguo. Mtu anaweza kuamua kupuuza stara yake mwenyewe, na wapo wanaodai kwamba hilo ni hiari yake. Lakini hakuna anayeweza kuisamehe stara ya mwingine kwa niaba yake. Ni kweli kwamba siku hizi tovuti na programu nyingi husimba mawasiliano yake zenyewe tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na kwamba ufunguo wa waifai hulinda kipande kifupi tu, kile cha hewani kati ya kifaa na ruta, huku mtoa huduma wa intaneti akiendelea kuona anwani ambako mawasiliano yanaelekezwa. Hata hivyo majina ya tovuti zinazotembelewa bado mara nyingi hutumwa wazi, na kamera, televisheni na printa za nyumbani huaminiana kwa sababu tu ziko katika mtandao mmoja, kwa hiyo anayeingia humo ameingia ndani hasa.

Namna ufunguo huo unavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu imebeba wazo zuri ambalo watumiaji wengi hawajapata kuelezwa. Mwenye nyumba hufungua kivinjari, akaandika anwani ya ruta yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, akaingia kwa nywila ya usimamizi iliyobandikwa chini ya kisanduku, ambayo anapaswa kuibadili papo hapo, kisha akachagua aina ya ulinzi na kuandika nywila ya mtandao yenye herufi kati ya 8 na 63. Katika mfumo uitwao WPA2, uliotoka mwaka 2004 na ambao bado ndio ulioenea majumbani, nywila hiyo huchanganywa na jina la mtandao, na mchanganyiko wake hupitishwa katika kanuni ya hesabu mara 4,096 mpaka upatikane ufunguo mkuu wenye biti 256. Kuanzia hapo, kila simu inapotaka kuingia, jumbe nne hupita kati yake na ruta. Ruta hutuma namba nasibu, yaani namba iliyookotwa bila mpangilio wowote. Simu hujibu kwa namba nasibu yake pamoja na muhuri uliokokotolewa kutokana na ufunguo mkuu. Ruta huuhakiki muhuri huo na kurudisha wa kwake. Na simu hukiri kwamba imepokea. Kutokana na namba hizo mbili na ufunguo mkuu, pande zote mbili huunda ufunguo wa kikao, utakaotumika kwa muda huo tu.

Cha kuzingatia ni kwamba katika jumbe zote nne, nywila haikutamkwa wala ufunguo mkuu haukusafiri. Kila upande umethibitisha kwamba unaijua siri bila kuisema, na ruta nayo, iliyo mwenyeji, imelazimika kujithibitisha mbele ya mgeni wake. Hodi ya namna hii inakwenda pande zote mbili, na kwa hilo imeizidi milango mingi.

Udhaifu wake unatoka kwa wanadamu. Mtu akizinasa jumbe hizo, anaweza kwenda nazo mbali na kukaa akikisia nywila moja baada ya nyingine, akilinganisha muhuri kila mara, bila ruta kujua lolote. Hapo ndipo desturi moja iliyoenea sana, ya kuifanya namba ya simu ya mwenye nyumba kuwa nywila, inapoonyesha ubovu wake: namba ya simu ya Kenya au Tanzania ina tarakimu 10, na inayoanza na 07 huacha tarakimu 8 tu za kukisia, ambazo ni michanganyiko milioni 100, ilhali kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michoro huweza kujaribu nywila milioni 1 kwa sekunde na kuimaliza orodha yote kwa muda usiofika dakika 2. Majina ya watoto na miaka yao ya kuzaliwa hayana nguvu zaidi, na inasikitisha kwamba ndiyo huchaguliwa kuliko mengine, kwa kuwa mtu anapoombwa neno la siri moyo wake humpeleka kwa anaowapenda, nao ndio ambao kila mtu anawajua. Dawa ni kuuachia mchezo wa bahati uchague: akirusha dadu mara tano kwa kila neno, mtu huchagua neno moja katika orodha ya maneno 7,776, na michanganyiko yote ya maneno manne yanayopatikana hivyo ingehitaji zaidi ya miaka 100 kumalizwa kwa kasi ileile. Orodha hiyo inaweza kuwa ya Kiswahili kitupu, na nywila kama hiyo hukaririka kwa urahisi na mzee na mtoto.

Wako wanaodhani kwamba badala ya kufunga inatosha kuficha, na kwa hiyo huizuia ruta isitangaze jina la mtandao wao. Auguste Kerckhoffs, mwanaisimu mzaliwa wa Uholanzi aliyeandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi mwaka 1883, alishaeleza kwamba mfumo mzuri ni ule ambao hata ukiangukia mikononi mwa adui hauleti madhara, kwa kuwa siri yote iko kwenye ufunguo. Jina lililofichwa hutamkwa tena na kila simu ya nyumba hiyo inapounganishwa, na simu hizo huendelea kuliita hata zikiwa sokoni au kazini, kwa hiyo maficho hayo yamemtangaza mtu zaidi kuliko yalivyomsitiri. Kanuni ya Kerckhoffs ina uzito wa kimaadili pia: stara ya kweli haimhitaji mtu kudanganya kwamba hayupo. Anaweza kusimama mbele ya watu, jina lake likijulikana na kufuli lake likijulikana limetengenezwaje, na bado akabaki na haki ya kusema nani aingie.

Kufuli lenyewe, hata hivyo, lisimdanganye mwenyewe. Mfumo wa kwanza, WEP, uliotangazwa mwaka 1997 kwa ahadi ya faragha iliyo sawa na ya waya, ulitumia namba ya kuanzia yenye biti 24 tu, ambayo katika mtandao wenye shughuli nyingi hujirudia baada ya saa chache. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha jinsi ufunguo wake unavyoweza kupatikana, na kufikia mwaka 2007 kazi hiyo ilichukua chini ya dakika moja. Ruta za zamani zenye WEP bado zinauzwa kwenye maduka ya mitumba, na mnunuzi huona alama ya kufuli akatulia. Ni afadhali mlango ulio wazi, unaomfanya mtu achunge maneno yake.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya ufunguo haitoki kwa mpelelezi. Inatoka kwa jirani. Sura ya Al-Maun inawaonya wanaowanyima wenzao vitu vidogo vya matumizi, na wafasiri wameviorodhesha: chungu, sindano, chumvi, shoka. Hadithi mashuhuri inawafanya watu kuwa washirika katika vitu vitatu, yaani maji, malisho na moto. Na Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, akiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisema vivyo hivyo kuhusu maji yatiririkayo na kuhusu kuruhusu moto uwashwe kutoka kwenye moto, kwa kuwa vitu hivyo vinamfaa anayepokea na havimpunguzii anayetoa. Bruce Schneier, mtaalamu wa usimbaji anayejulikana duniani kote, alieleza hadharani mwaka 2008 kwamba huuacha mtandao wa nyumbani kwake wazi, na moja ya sababu zake ilikuwa adabu ya kumkirimu mgeni. Hoja ya mtu kama huyo haipuuzwi. Katika miji ambamo mwanafunzi hukosa kufanya kazi ya shule kwa kukosa bando, jirani mwenye intaneti isiyo na kikomo, inayokaa bure usiku kucha, ana swali la kujibu mbele ya Mola wake au mbele ya dhamiri yake.

Lakini mfano wa moto, kwa uzuri wake wote, haufiki hadi mwisho. Anayechukua kaa la moto huondoka nalo akaenda kupika kwake. Anayeingia kwenye mtandao hubaki ndani, amekaa katika chumba kimoja na vifaa vya watu wa nyumba hiyo, na kila anachokifanya kinaandikwa kwa jina la mwenye nyumba. Wanafikihi waliijua tofauti inayofanana na hii katika maji yenyewe: ya mtoni ni ya wote, ila yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni ni mali ya aliyeyateka, na kuyatoa hapo ni sadaka yenye thawabu kwa kuwa yangeweza kutotolewa. Tena ukarimu na stara havilazimiki kugombana, kwani ruta nyingi za leo zinaweza kutoa mtandao wa pili, wa wageni, wenye nywila yake, ambao humfikisha mtu kwenye intaneti bila kumfikisha kwenye vifaa vya ndani. Hapo daka limerudi: mgeni anakaribishwa, anaketishwa, anahudumiwa, na ya ndani yanabaki ya ndani. Schneier mwenyewe alisema kwamba kompyuta zake zililindwa moja moja, jambo ambalo familia ya kawaida haina utaalamu wa kulifanya, na familia iliyoiga nusu ya mfano wake ingekuwa imetoa isichokusudia kutoa.

Mtu anaweza pia kufunga kwa sababu mbovu, na mfano wa Ujerumani unaonyesha hivyo. Mwezi Mei 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye mtandao asiyeulinda ipasavyo anaweza kuwajibishwa pale mgeni asiyejulikana anapoutumia kusambaza muziki kinyume cha hakimiliki, na kwa miaka kadhaa watu wakafunga mitandao yao kwa hofu ya barua za mawakili. Mwaka 2016, katika shauri la mfanyabiashara wa vifaa vya taa na sauti wa karibu na Munich, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliona kwamba mwenye mtandao wa wazi anaweza kuamriwa aweke nywila, na kwamba watumiaji watakiwe kujitambulisha kabla ya kupewa. Bunge la Ujerumani lililegeza wajibu huo mwaka 2017. Katika mlolongo huu ufunguo uligeuka kazi: kutoka kuwa pazia la wanaozungumza ndani, ukawa chombo cha kuwatambua wanaoingia. Kifaa kilekile kilitumika, na nywila ileile, ila anayehudumiwa ni mwingine. Sheria inayomfanya kila mwenye nyumba kuwa askari wa mlangoni kwa niaba ya wengine imemnyima kile ambacho ufunguo ulikusudiwa kumpa, nacho ni hiari.

Hayo yote yanahusu walio nje, ilhali ugumu ulio mkubwa zaidi umo ndani. Sura ya An-Nur haikuishia kwenye mlango wa mbele. Aya yake ya 58 inawataka hata watumishi na watoto wa nyumba moja waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya sala ya isha. Nyumba, kwa fundisho hilo, ina milango ndani ya mlango. WPA2 haukuijua milango hiyo. Kwa kuwa wote hutumia nywila moja, mtu wa nyumbani anayeijua na aliyenasa jumbe nne za simu ya mwenzake anaweza kuunda ufunguo wa kikao cha mwenzake huyo na kusoma yale yaliyopita, hivyo ukuta unaomzuia mpita njia haumzuii kaka asimchungulie dada yake. WPA3, uliotangazwa mwaka 2018, ulirekebisha kasoro hiyo: katika mapatano yake kila kifaa huchangia siri yake ya papo kwa papo, kwa hiyo kuijua nywila hakutoshi kufungua kikao cha mwingine, wala ujumbe ulionaswa leo hauwezi kufunguliwa kesho nywila ikijulikana, na ukisiaji ule wa mbali unakosa pa kushika. Ni nadra kiwango cha kiufundi kuwa hatua ya kimaadili, lakini hapa ndivyo ilivyo, na mnunuzi wa ruta mpya ana sababu ya kuulizia WPA3 dukani.

Hata WPA3 haumzuii mwenye ruta mwenyewe. Mawasiliano yote hupita mikononi mwake, na ruta nyingi humwonyesha ni kifaa gani kilikwenda wapi na saa ngapi. Al-Ghazali anasimulia kisa, ambacho wanazuoni wa hadithi wamejadili nguvu ya mapokezi yake lakini mafunzo yake yamekubalika kwa karne nyingi, cha Khalifa Umar bin Al-Khattab, aliyeparamia ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye ameasi mara moja, Amiri wa Waumini ameasi mara tatu, kwa kupeleleza, kwa kuingia pasipo mlango, na kwa kuingia bila ruhusa wala salamu, na Umar akamwacha. Mzazi ana wajibu kwa mtoto ambao khalifa hakuwa nao kwa raia aliye mtu mzima, na kumwekea mtoto mdogo mipaka ni sehemu ya malezi. Lakini mipaka iliyotangazwa ni kitu kimoja, na kusoma kwa siri ni kitu kingine, hasa kwa kijana aliyekaribia balehe, ambaye aya ileile inamfundisha kupiga hodi na ambaye kwa haki anatarajia kupigiwa hodi pia. Mume anayeipekua ruta kufuatilia nyendo za mkewe, au mwenye nyumba anayezifuatilia za wapangaji wake, hana hata udhuru huo wa malezi.

Ipo pia idhini inayotakiwa kuondolewa. Mtumishi wa nyumbani aliyehama, mpangaji aliyemaliza mkataba, mchumba ambaye uchumba wake umevunjika, fundi aliyepewa nywila kwa saa moja ya kazi: wote huondoka wakiwa na ufunguo, na simu zao huingia zenyewe wakipita karibu. Katika mtandao wenye nywila moja, hakuna njia ya uhakika ya kumtoa mtu mmoja bila kuibadili nywila kwa wote, hadi bibi atafutiwe mtu wa kumwandikia upya kwenye simu yake na televisheni ielekezwe tena. Kwa sababu ya usumbufu huo watu huahirisha, na idhini iliyokwisha huendelea kutumika kwa miaka. Taasisi hulikwepa tatizo hili kwa mfumo unaompa kila mtu ufunguo wake peke yake, ambao huhitaji seva ya kuwatambua na hivyo ni nadra kupatikana majumbani. Kinachowezekana kwa familia ni kuyatenganisha mambo tangu mwanzo: nywila ya ndani wapewe wanaoishi humo tu, wengine wote, hata ndugu wa karibu wanaokuja na kuondoka, wapewe ile ya wageni, na ya wageni ibadilishwe kila baada ya miezi michache kwa mazoea yaliyotangazwa, ili siku inapobadilishwa kwa ajili ya mtu fulani, mtu huyo asiaibishwe na wengine wasihitaji kuambiwa sababu.